Kofia ya Kisoma Diski cha Pili

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeingia kwenye historia. Jumapili kwaya yetu ya Kihurio inatimiza miaka hamsini, na ubeti wa tatu wa wimbo wa marehemu baba mkwe, Mzee Eliamini, hakuna anayeukumbuka. Aliuandika kwa Kichasu, lugha yetu Wapare, kwenye kompyuta ya usharika, enzi za diski zile bapa. Mke wangu Priska amezitunza diski katikati ya khanga miaka yote. Anataka kuusikia ubeti ule ukiimbwa tena.

Mimi nataka kipaza sauti. Mwenyekiti wa kwaya, Asheri, ameahidi kwamba atakayezifungua diski atahutubia. Hotuba ninayo tayari. Inahusu uzembe wa taifa. Ni ndefu, lakini uzembe nao ni mwingi.

Jumanne, 12 Agosti

Kompyuta ile ya usharika imefika dukani kwangu Same, imefungwa nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa mahari. Inahitaji visoma diski viwili: cha kwanza kinakula diski ya programu, cha pili diski ya nyimbo. Cha pili kimekufa. Nimepata kingine kwenye mashine chakavu kutoka Ndungu. Kiwanda tofauti, lakini waya unaingia.

Kila kisoma kina safu ya pini zenye namba. Unaivisha pini moja kofia ndogo ya plastiki, na mashine inajua huyu ni wa kwanza, huyu wa pili. Cha kwanza kimevaa sifuri. Basi cha pili nikakivisha moja. Mtoto wa chekechea angefanya hivyohivyo.

Nikawasha. Taa zote mbili zikawaka pamoja, vyote vikanguruma pamoja, kama ndugu wawili waliopewa jina la babu mmoja. Kioo kikaandika hitilafu. Hujuma!

Alhamisi, 14 Agosti

Aminieli kapita bila kualikwa. Ni mwalimu wa kompyuta, na ndiye aliyenishinda ukatibu wa kwaya kwa njia ambazo bado nazichunguza. Kachungulia ndani ya mashine, kacheka. Kasema kiwanda kimoja kilihesabu kuanzia sifuri na kingine kuanzia moja, hivyo moja ya huku ndiyo sifuri ya kule, na vyote viwili vinaitika kama cha kwanza. Hamishia kofia kwenye mbili, kaka, upumzike.

Mtu mzima, mwalimu, anasema moja ni sifuri. Na watoto wetu tunampelekea!

Nikamwambia mimi natoka ukoo ulioshinda kesi ya kuku kwa gharama ya ng'ombe, sitashindwa na kofia ya plastiki. Akajibu kwamba kofia haijui koo za watu. Akaaga kwa heshima zote, jambo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango wa kishujaa. Aminieli anataka mbili? Atapewa mbili, bila mimi kumtii. Nimekwangua namba moja kwa wembe, nikaandika mbili palepale kwa rangi ya kucha ya Priska. Kofia haikusogea hata kidogo.

Taa zote mbili zikawaka. Mashine haijui kusoma.

Priska akauliza kama kofia nimeihamisha. Nikasema suala si kofia, suala ni msimamo. Akauliza msimamo huo unaimbika? Kisha akanituma tangawizi, na sokoni upepo wa Same ukanijaza vumbi mpaka kwenye meno.

Niliporudi, taa moja iliwaka, ikazimika, ikawaka ya pili. Ubeti wa tatu ulikuwa kwenye kioo, herufi za kijani. Priska alikuwa akiuimba polepole, shavu limelowa. Kofia imekaa pini ya jirani. Nikaweka tangawizi mezani, nikasikiliza hadi mwisho.

Baadaye nikaelewa: rangi ilihitaji tu muda wa kukauka.

Jumamosi, 16 Agosti

Asheri ametimiza ahadi. Nitahutubia! Tena kaniomba nichape ratiba ya sherehe.

Nimetafakari usiku kucha. Nilimdharau sifuri bure. Sifuri ndiye mkubwa, anamtangulia hata wa kwanza. Basi nimechapa: sifuri, hotuba yangu. Moja, sala ya kufungua. Mbili, wimbo wa Mzee Eliamini. Shukrani za katibu Aminieli nimeziweka baada ya mlo wa makande, watu wakiwa wanatafuta watoto wao.

Aminieli kaisoma ratiba. Katabasamu. Wivu tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nilikaa mbele, hotuba mapajani, koo nimelisafisha kwa tangawizi. Asheri akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba tunaanza na namba moja, sala.

Nikasubiri. Ikaja mbili. Wimbo uliimbwa wote, beti zote tatu, na Priska alisimama katikati amefumba macho. Zikafuata tatu, nne, makande, hadi shukrani za Aminieli, ambazo watu walizipigia makofi.

Nikamfuata Asheri, namuuliza hotuba yangu iko wapi. Kanijibu kwa upole kabisa: ndugu yangu Elifasi, ulijiandikia sifuri, nikajua umejitoa.

Jumatatu, 18 Agosti

Priska ameamka akiimba. Kaniletea chai, kaniita mume wangu mbele ya wateja.

Sina nafasi ya furaha ndogondogo. Namba zimenisaliti zote, sifuri na moja pamoja. Naiandikia kamati: sherehe ya mwakani itumie herufi. Sala itakuwa A. Hotuba yangu itatangulia.

Natafuta herufi inayokaa kabla ya A. Aminieli nisimuulize.