Namna Nilivyoishusha Bei ya Wingu

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye kampuni hii ya kukodisha viti na mahema, ametuita ofisini. Databesi yetu, ile ghala ya kompyuta inayojua hema lipi liko kwa nani, inahamia kwenye wingu. Yaani kwenye mitambo ya watu wa mbali, tutakaowalipa. Kampuni mbili zimeleta bei. Moja inataka bei ileile kila mwezi, mradi tusipitishe kiwango chake cha maswali. Nyingine inatoza kila swali tutakaloiuliza databesi, hata liwe moja. Mimi niliye karani wa databesi, pamoja na mhasibu, kila mtu apige makadirio yake. Atakayemridhisha Shemeji atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Na ofisi yenye dirisha!

Mhasibu ndiye Bi Desimali. Jina nimempa mimi, maana hata akikutajia saa anaweka nukta. Yeye kashika bei ya mwezi. Mimi nimeshika ya maswali.

Jioni nimempigia mama mkwe kumwambia cheo nimeshapata. Kosa liko wapi? Nimetanguliza habari tu. Yule mama aliwahi kusema mbele za watu kwamba binti yake ameolewa na karani. Kwa sauti ile! Sasa ameshautangazia ukoo mzima, kwa hiyo cheo lazima kipatikane.

Jumanne, 4 Machi

Fundi amefunga mita ya kuhesabu maswali ili tupate kukadiria. Asubuhi tu namba imepaa mpaka nikashika kiuno. Hawa watu wa mapokezi wanauliza kila kitu! Viti vipo? Hema limerudi? Mteja akipiga chafya, wanaiuliza databesi. Kwa mwendo huu Bi Desimali ananishinda mchana kweupe.

Nikawaza. Maswali yakiwa machache, bei inashuka. Basi yapungue! Huu si udanganyifu, ni kubana matumizi.

Jumatano, 5 Machi

Nimewapitia mapokezi, uso nimeukunja. Nimewaambia databesi inaumwa, asiiguse mtu mpaka Jumatatu. Wateja waandikwe kwenye vikaratasi. Wakauliza watajuaje hema lipi limeshachukuliwa. Nikawaambia watumie akili.

Mita imelala fofofo. Bi Desimali amepita, ameitazama, ameuliza kulikoni. Nikamjibu biashara ni ngumu siku hizi. Akaenda zake akitikisa kichwa. Wivu huo!

Jumamosi, 8 Machi

Kimenuka. Hema kubwa limekodishwa kwa harusi mbili, siku moja, saa moja. Baba wa bibi harusi mmoja kaja bohari kwetu, kaikumbatia nguzo ya hema. Shangazi wa bwana harusi wa pili kaketi juu ya turubai, kaapa hanyanyuki mtu. Na vile viti vyenye riboni za waridi vimefika msibani.

Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la mazulia. Dereva wa lori akaniona, akauliza nafanya nini pale. Nikasema nahesabu mazulia. Shemeji amewaomba watu radhi mpaka sauti imemkauka. Maskini, nimemhurumia kweli.

Lakini mita! Karibu sifuri!

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia na tai. Makadirio yangu: wingu la mwezi mzima kwa bei isiyofika ya sukari ya chai ya ofisi. Shemeji akasoma. Akarudia. Nikajiweka sawa nipongezwe.

Akasema kumbe databesi yenyewe haina kazi. Halafu akainua macho, akauliza: kama databesi haina kazi, karani wa databesi anafanya nini hapa kutwa?

Karani ni mimi! Jasho likanitoka. Nikaanza kumkumbusha undugu.

Aliyeniokoa ni Bi Desimali. Nani angeamini? Alisimama akaeleza kwamba mita ilinyamaza kwa sababu watu walikatazwa kuuliza, na zile harusi mbili ndizo matokeo yake. Akasema kwa kazi yetu halisi bei ya mwezi ndiyo nafuu. Karani naye anahitajika, ila anahitaji kuangaliwa. Shemeji akamkabidhi ufunguo wa ofisi yenye dirisha palepale. Mimi nimebaki na kazi, chini yake.

Mke wangu ameniambia nimshukuru yule dada wa watu, kisha nimpigie mama mkwe niseme ukweli. Nimeona aibu. Nimeahidi nitampigia kesho.

Jumanne, 11 Machi

Sikumpigia. Haraka ya nini, wakati cheo kinarudi?

Nimeamka na akili mpya kabisa. Bei ya Bi Desimali inasimama mradi maswali yasipite kiwango. Basi yapite! Kompyuta yangu nimeiweka iiulize databesi tuna viti vingapi, na ikijibiwa iulize tena. Inauliza tangu asubuhi, bila kupumzika. Mita inapaa raha mustarehe, na mimi nakunywa chai.

Mchana Shemeji ametoka mbio, kashika kichwa. Ametangaza kwamba bili ikizidi, ziada yote itakatwa kwenye mishahara ya Kitengo cha Kompyuta. Nusura niruke kwa furaha! Kitengo chenyewe kina watu wawili tu, Bi Desimali na mimi. Atakoma!