Mstari Mmoja wa Kuamsha Seva

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ametangaza: Ijumaa anateua mkuu wa kitengo cha kompyuta. Tuko wawili tu, mimi na Miwani. Miwani ana vyeti. Mimi nina akili. Nimeshamwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Amesema Mkuu akatupe takataka kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Nitaizima seva, ile kompyuta mama ya ofisi, kimyakimya, ofisi nzima ikwame, kisha niitwe. Nitaingia kwa madaha, nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, niandike mstari mmoja, seva iamke. Mstari nimeukariri hadi bafuni. Mke ameuliza naongea na nani humo.

Jumatano, 5 Machi
Saa nne asubuhi, bosi ana wageni. Nikaandika amri ya kuzima, nikabonyeza, nikatoka zangu koridoni kunywa maji ili nisishukiwe. Raha iliyoje! Ndani wakaanza kulalamika kwamba mfumo umegoma. Nikahesabu hadi hamsini, nikagusisha kadi mlangoni. Taa nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Ndipo nikakumbuka: mlango wetu huiuliza seva kama kadi ni halali. Na seva nimeilaza mwenyewe.

Nikagonga kioo cha mlango, lakini hata kwa ndani ulikataa kufunguka. Nikamwonyesha bosi kwa vidole jinsi ya kuandika. Mgeni mmoja akanipungia mkono. Miwani akavuta kiti, akaandika mstari mmoja. Mstari wangu! Mlango ukakubali, nikaingia katikati ya makofi. Yake.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ndiye mkuu. Nimeumia, sifichi. Jioni mama mkwe akapiga simu kunipongeza, kumbe mke alishautangazia ukoo mzima. Nikamwambia asante sana, mama. Ningesema nini?

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu mpya amenituma nichape maelekezo ya kuwasha seva, yabandikwe ukutani. Eti ananiamini. Maskini. Nimechapa kila kitu isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa kuamsha. Huo unabaki kichwani mwangu. Kesho Miwani ana mkutano nje, na ndani hakuna mwingine anayeujua. Lazima waniite mimi! Nacheka peke yangu mpaka mke kafunga mlango wa chumba.

Saa nne kamili naizima. Mimi nitakuwa koridoni, nakunywa maji, nisishukiwe.