Nadhiri ya Alawi na Benchi la Mbele

Alawi hakuwa mwizi, tuelewane mapema. Mwizi hujichosha. Alawi alilala mpaka jua likapanda, na watu wakamletea mali zao wenyewe.

Asubuhi moja, amesimama sokoni Bagamoyo akitafuna mua usio wake, alimwona mzee kipofu akipandishwa kwa heshima mbele ya lori la Mwinyijuma, liendalo Dar es Salaam kila Jumatano, bila kutoa hata senti. Nyuma ya lori, juu ya magunia ya papa mkavu, Mwishehe mfanyabiashara wa nazi alikuwa amelipa nauli kamili ili akalie mapezi. Sababu mji mzima uliijua. Lori lile liliwahi kutumbukia Mto Mpiji, na Mwinyijuma, maji yakiwa shingoni, akaweka nadhiri kwamba akitoka hai, benchi la mbele litakuwa la wasiojiweza, bure, mpaka siku ya kufa kwake. Akatoka hai. Tangu hapo hakumhoji mgonjwa yeyote, maana aliona haya kumpekua mja wa Mungu.

"Haya hiyo," Alawi akajisemea, "ni mtaji."

Wiki haikwisha, akawa na magongo na vitambaa vya kufungia miguu. Akamwendea Mwishehe.

"Shikamoo, bwana. Papa hajambo?"

"Marahaba. Usinikumbushe."

"Mguu gani ungeweza kukuuma kila Jumatano?"

Mwishehe, mwenye minazi mia mbili, aliikagua miguu yake kwa makini. "Wa kushoto," akasema. "Wa kulia naupenda."

Malipo Alawi aliyataka kwa vitu. Fedha, alisema, ina mdomo. Wakaja wateja wengine wawili, na nazi, mchele na doti za kanga zikaingia. Naye, akiwa mkubwa wa vilema, ilimbidi awe kilema kuwapita wote, kwa hiyo akajipatia punda na gari lake la kumzungusha mjini. Punda alitoka Kaole, kwa biashara ambayo mwenyewe wa zamani hajaielewa mpaka leo.

Ili asitiliwe shaka, kila Jumatano alishuka garini kwa magongo, akasimama mbele ya lori, akainua mikono. "Jamani, shuhudieni! Siku Mola akinirudishia miguu, punda huyu, gari lake na vyote vilivyomo ni mali ya wasiojiweza wa mji huu!" Wanawake walifuta machozi. Alawi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mguu mzima, Mola auponye nini?

Sasa, palikuwa na Bi Mwanvita wa Dunda. Mguu wake ulikuwa umevimba kweli, asiweze kupanda juu ya magunia, na daktari wa Dar es Salaam alimwambia arudi kabla ya Ramadhani, la sivyo utakatwa. Jumatano ya kwanza alikuta benchi limejaa. Ya pili, limejaa. Ya tatu, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya Ramadhani, alikuja akishikilia kuta njia nzima, akamkuta Mwishehe na wenzake wawili wamekwishajipanga na magongo yao.

"Shikamoo, bibi," alisema Alawi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wao. Niombee nafasi moja tu. Nikichelewa na leo, mguu huu wanaukata."

Kitu kilimchoma Alawi kifuani. Alikitambua, ni aibu, akakimeza. "Wagonjwa ni wengi, bibi yangu. Subira."

Bi Mwanvita akalitazama shavu la mguu wa Alawi, jinsi lilivyonona. "Haya, baba. Nenda kaombe dua yako. Nitakushikia punda."

Alawi akaenda. Alikuwa amefika kwenye "vyote vilivyomo" aliposikia magurudumu. Punda alikuwa amekumbuka Kaole, naye anakwenda mbio na mzigo wa wiki tatu.

Magongo yakaanguka. Alawi akakunja kanzu, akatoka mkuku, akapita msikiti, akaruka mtaro, akamkamata punda karibu na makaburi. Alipogeuka, soko zima lilikuwa likimtazama miguu.

"Amepona!" Bi Mwanvita akapaza sauti. "Allahu akbar! Alawi amepona!"

Vigelegele vikalia. Mwinyijuma akaja analia, akamkumbatia. "Mola amekujibu, mwanangu, kama alivyonijibu mimi."

Alawi akafungua kinywa. Akikana kupona, ndiyo kusema hakuwahi kuumwa, na wauza samaki walikuwa na visu mikononi.

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ya mfiwa.

Mwinyijuma akaipokea kamba ya punda kwa niaba ya wasiojiweza. Nazi zikaenda, mchele ukaenda, kanga zikaenda. Kisha macho ya watu yakageukia benchi la mbele. Mwishehe papo hapo akahisi nafuu. Wenzake nao, ajabu, wakahisi nafuu. Wakashuka, wakalipa nauli, wakapanda nyuma kwenye papa, na Bi Mwanvita akapandishwa mbele, mguu wake ukawekwa juu ya mto.

Alawi akasogea dirishani. "Bibi," akanong'ona, "kamba ile niliifunga mwenyewe."

"Mimi nimefungua kamba tu, baba," akajibu kwa upole. "Kupona umepona mwenyewe."

Lori likaondoka. Alawi akarudi nyumbani kwa miguu, na kila mlango aliopita walimpa hongera, wakamwomba asimame kidogo, halafu atembee tena wamwone.