Mita Tano za Kamba na Gari la Baba Mkwe

Jumatano, 6 Machi

Gari la baba mkwe limezimika. Mbele ya geti la shule ya msingi, saa ya watoto kutoka. Watoto mia tatu wameniona nikilipiga teke tairi.

Niandike ukweli, maana hapa najisomea mwenyewe. Baba mkwe amekwenda kupasuliwa jicho. Funguo alimwachia mke wangu, na mke wangu akamwahidi kwamba gari halitatoka uani mpaka arudi Jumapili. Mimi sikuahidi chochote. Nilikuwa nimekaa tu hapo kwenye kochi. Nimelitoa kidogo, kwenda kuwaonyesha wenzangu niliosoma nao kwamba mambo yangu si mabaya.

Fundi amekuja, amefunua boneti, amecheka. Rejeta haina maji hata tone. Anasema lifikishwe gereji na lisiwashwe kabisa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa kitandani akasema hajawahi kumdanganya baba yake tangu azaliwe, sasa ataanzia wapi. Roho imeniuma. Nikamwambia aniachie mimi. Akazidi kulia.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amejua. Huyu kaka wa mke wangu anafundisha udereva, na hata kuingia chooni lazima aangalie kushoto na kulia. Eti tukodi gari maalumu la kubeba magari mabovu. Nikasema kuvuta kwa kamba kunaruhusiwa. Akakubali, ila kwa masharti, akaanza kuyahesabu kwa vidole mpaka chai ikapoa. Kamba isizidi mita tano. Kitambaa chekundu katikati ya kamba. Bango nyuma kuonyesha gari linavutwa. Taa za tahadhari ziwake, mwendo uwe wa taratibu. Na anayeshika usukani wa gari la nyuma awe na leseni hai.

Hapo akanitazama. Anajua leseni yangu ilikufa mwaka juzi. Akajitolea kukaa nyuma yeye mwenyewe. Nikamshukuru, nikakataa. Nikikubali nitasimangwa hadi kaburini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata jibu, tena nikiwa naoga. Sheria inamtaka dereva awe na leseni. Dereva ni nani? Ni anayeendesha. Gari lisilo na ufunguo haliendeshwi. Basi aliyekaa ndani yake ni abiria, na abiria hadaiwi leseni. Hoja nimeigeuza kila upande, haina tundu.

Jirani yangu muuza mbao atavuta kwa pikapu yake. Ufunguo atakaa nao yeye. Kitambaa chekundu nimekata kwenye pazia la jikoni. Mke wangu bado hajaingia jikoni.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeondoka saa nne asubuhi. Kamba mita tano kasoro, nimepima mara mbili. Pazia linapepea, taa zinawaka, bango limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Barabara imenyooka na mimi abiria nimetulia. Nilitamani shemeji anione.

Tukafika kwenye mzunguko. Muuza mbao akakata kushoto. Nikazungusha usukani. Ukasema kwach, ukakaza. Nani aliwahi kuniambia kwamba ufunguo ukitoka usukani unajifunga? Gari likaenda mbele moja kwa moja, kamba ikakatika, tukapanda kwenye maua ya manispaa. Bampa chini, taa moja chini.

Askari wa trafiki alikuwa hapo hapo. Akasifu kitambaa, akaomba leseni. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni abiria. Akauliza sasa huo usukani nimeukumbatia wa nini. Nikasema wa kujishikiza tu. Akaandika muda mrefu sana.

Shemeji naye akapita na mwanafunzi wake. Alimwambia asimame pembeni, atazame vizuri, maana swali hilo huwa linatoka kwenye mtihani.

Gari limebebwa hadi kituoni. Na gari lile lile maalumu.

Jumapili, 10 Machi

Baba mkwe amerudi, jicho moja limefungwa. Hata hajakaa, mke wangu akamweleza yote, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepewa funguo. Mzee akamshika mkono, akamwambia hajamdanganya. Kisha akanitazama kwa lile jicho moja. Lilitosha. Nimeona aibu ya kweli, karibu nusu saa nzima.

Mke wangu akasema hataki maneno tena, anataka maandishi. Nikaandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino: Mimi sitaendesha tena gari la baba mkwe, liwe zima au bovu, linavuta au linavutwa. Nikatia sahihi, na shemeji akashuhudia. Mke wangu akasoma, akaikunja karatasi akaitia kwenye pochi yake. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatano. Akasema sasa ananiamini.

Mzee naye amelainika. Daktari amemkataza vyombo vya moto mwezi mzima, kwa hiyo ameomba pikipiki yake ikae uani kwetu, na mke wangu amemwahidi haitaguswa.

Nimeikumbuka ile karatasi neno kwa neno. Pikipiki haimo.