Kaseti ya Mfalme

Jumatatu, 3 Juni
Albamu ya rap niipendayo kuliko zote imetimiza miaka ishirini na tano. Fundi simu wa mlango wa pili ameipiga tangu asubuhi, huku akijiita shabiki namba moja. Namba moja! Mimi nilinakili kaseti yangu yeye akiwa bado anaogeshwa na mama yake. Kwenye wimbo wa kwanza tu msanii anajiita mfalme mara tisa, na mara zote tisa namwamini. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia Jumamosi tuighani yote, mwanzo mwisho, mbele ya wateja. Atakayekosea afute jina lake kwenye kibao. Changu kinasema KINYOZI MFALME. Nakipenda kuliko mashemeji zangu wote.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi kazini. Wimbo wa nne ulinikolea, mashine ikapita katikati ya kichwa cha mwalimu wa hesabu. Ikabidi kipara. Akalalamika kuwa keshokutwa anamwoza binti yake. Nikamwambia kipara kina heshima. Hakucheka.
Alasiri, hila! Nimempelekea fundi simu mbovu sita za ukoo mzima, akose muda wa mazoezi. Amezitengeneza zote huku akighani. Hakukosea hata neno. Mke wangu kamsifu!

Jumamosi, 8 Juni
Watu mpaka barabarani. Nilianza kwa kishindo. Wimbo wa tano, katikati ya majigambo, nikanguruma: "Nani kaacha bomba wazi?"
Watu wakatazamana. Kisha vicheko. Fundi akapiga albamu yenyewe: mstari huo haumo. Mke wangu ndiye aliyeng'amua. Kaseti niliinakili sebuleni, kinasa sauti mbele ya redio, na mama mwenye nyumba alikuwa anafoka uani. Miaka yote nimeamini ni msanii anawatisha wapinzani! Nimeona aibu hadi masikio yakawaka. MFALME nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Imeniuma sana.
Fundi akarudisha wimbo mwanzo. Mwalimu mwenye kipara akaitikia, na umati mzima ukajigamba naye, kila mtu mfalme. Nami nikaitikia, machozi yakinilenga.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari. Toleo langu ni bora. Nimemtangazia fundi marudiano, safari hii albamu ya pili. Sijawahi kuisikia, lakini redio itaipiga yote leo alasiri, na shemeji kaniruhusu niweke kinasa sauti sebuleni kwake. Ana watoto sita, na kuku anaatamia chini ya kochi. Nimewaomba wote watulie. Wameahidi.