Nani Anauliza?

Jumatatu asubuhi Sabuni aliingia kwenye karakana ya Fundi Kesho akiwa na nia safi kabisa. Jambo hilo halikuwa limetokea miaka mingi, kwa hiyo tulitaje mapema kabla halijaharibika.

Alikuwa ametumwa na dada yake akaulizie cherehani. Wiki ya saba sasa cherehani ilikuwa kwa fundi, na dada mtu alikuwa amepata kazi ya kushona sare themanini za wauguzi, za kukabidhiwa mwisho wa mwezi. Vitambaa alishavikata vyote, vyeupe pee, vimelala mezani vinamsubiri. Asubuhi hiyo, akimmiminia mdogo wake chai, alimwambia kwa sauti ya chini, ile ambayo Sabuni aliiogopa kuliko kelele, kwamba kazi hiyo ikimponyoka itabidi akipangishe chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma ndicho alicholala Sabuni, mwaka wa sita huu, bure bileshi.

Jina la Sabuni alipewa na watu waliowahi kumkamata. Walisema ukimshika unabaki na mkono uliolowa, basi.

Karakana ilikuwa imejaa hadi darini. Feni, redio, pasi, birika za umeme, mashine za kusaga matunda, kila kimoja kimefungwa kikaratasi kwa uzi. Nusu ya pili ya karatasi hiyo alikuwa nayo mwenye kitu. Sabuni aliviona vitu vizuri sana. Vikaratasi hakuvijali, na hapo ndipo palipomponza.

Fundi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, bisibisi mapajani, anatazama ukuta. Sabuni aliposalimia na kuuliza habari za cherehani, fundi alishusha pumzi ndefu, akasema ameacha kazi. Si uvivu. Siku moja alikuwa anakaza skrubu, akajiuliza ni nani hasa anayekaza, na tangu hapo mkono ukagoma. Amesoma vijitabu, amefunga kula, amekwenda kukaa miguuni kwa mwalimu mmoja aliyemwambia kwamba vyote ni kimoja, kwamba yeye na ulimwengu si wawili. Kichwa kilikubali. Moyo ulikataa katakata.

"Akitokea mtu wa kunionyesha hiyo kweli, nikaiona mwenyewe," fundi alisema, "nampa karakana nzima. Nitaifanyia nini tena?"

Nia safi ya Sabuni ilikata roho palepale, na hakuna aliyeililia. Alivuta kreti ya soda, akakaa, akafumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka mambo makubwa.

"Mimi niliipata Jumanne," akasema.

"Jumanne ipi?"

"Hii iliyopita. Nilikuwa kwenye foleni ya maji. Nikaangalia, sikuona tena tofauti kati yangu na ndoo."

Fundi akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Mtu aliyetafuta kitu muda mrefu hachagui sana mahali pa kukipata, na Sabuni alilijua hilo tangu alipokuwa anauza dawa ya kuotesha nywele.

Tuseme ukweli, maana ndio unaozungumzwa hapa: Sabuni alijua mambo ya roho kama anavyojua kuzaa. Lakini alikuwa amefukuzwa kwenye mageti ya ofisi nyingi, na kila geti lilikuwa na mlinzi, na kila mlinzi alikuwa na swali moja. Unafika na suti yako, unamuulizia bosi, naye anakukodolea macho na kusema, "Nani anauliza?" Sabuni alishawaona watu wazima wenye shahada wanababaika mbele ya swali hilo. Akaona litafaa.

"Sasa kweli yenyewe ni nini, Mwalimu?" fundi aliuliza. Alishakuwa Mwalimu tayari.

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Mimi yupi?"

Fundi akaitazama mikono yake. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Sabuni akaanza kuhesabu feni kwa jicho moja.

Siku ya kwanza ilikwenda hivyo. Nyumbani alimwambia dada kwamba fundi ameishika kazi, bado kidogo tu. Siku ya pili fundi alikuja na chai ya maziwa na kiti chenye mto, akauliza kama vyote ni kimoja, mbona mgongo unaouma ni wake peke yake. Sabuni akamuuliza nani anaumwa, fundi akazama kulitafakari hilo hadi chai ikapoa, na Sabuni akainywa vikombe vyote viwili kwa kuwa hapakuwa na wawili.

Siku ya tatu, saa sita mchana, bisibisi ilimponyoka fundi ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikalia. Fundi aliikodolea macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka polepole, halafu kwa nguvu, akashika mbavu, machozi yakamwagika mashavuni.

"Hakuna mtu," akasema. "Miaka yote hii nahangaika, kumbe humu ndani hakuna mtu."

Sabuni alimshika bega kwa upole wa kitaalamu, akamwacha amalize kulia. Halafu akauliza kuhusu karakana.

"Karakana gani?"

"Hii."

"Aa, hii. Chukua."

Sabuni hakuwa mtoto. Alitaka maandishi. Wakaitwa kinyozi wa jirani na mshona viatu wa barazani wawe mashahidi, na fundi akaandika kwamba karakana na vyote vilivyomo ameviacha kwa huyu. Sasa Sabuni aliwahi kupoteza pikipiki kwa sababu ya neno moja lililosahaulika kwenye mkataba, akaapa halitamkuta tena. Akaomba iongezwe: na mambo yote yanayoihusu, kuanzia leo.

Kinyozi aliinua macho. Akamuuliza kama ana uhakika.

Sabuni akamjibu kwamba kweli haigawanywi nusu nusu. Fundi akayaongeza maneno hayo kwa mwandiko mzuri, mzuri hata kuliko wa mwanzo, wakatia sahihi wote. Alichochukua ni begi lake la vifaa tu, na Sabuni akamruhusu kwa ukarimu wa mwenye nyumba. Mlangoni walikumbatiana. Fundi alisema yeye na Sabuni si wawili, akaenda zake akipiga mluzi.

Alhamisi saa mbili asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mkokoteni. Mpango ulikuwa mwepesi: vitu vyote vinauzwa kwa jumla, dada ananunuliwa cherehani mpya, ya umeme, na salio linabaki mfukoni mwa Mwalimu. Hilo la cherehani mpya alilikusudia kwa moyo wote. Anayetaka kuamini aamini.

Walikuwa wamepakia feni ya nne alipotokea mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, na nusu ya kikaratasi mkononi.

"Hiyo feni ni yangu," mzee alisema.

Sabuni akatabasamu. "Nani anauliza?"

"Sijauliza. Nimesema."

Na mzee hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mama mwenye mgahawa kuulizia birika, kisha fundi rangi na redio yake, kisha askari asiye zamuni kuulizia pasi, na kufika saa tatu baraza lilikuwa limejaa watu na vikaratasi. Kinyozi alishamwambia kila aliyekuja kunyoa kwamba karakana imepata mwenyewe mpya, mtu makini, amepokea kazi zote za zamani. Na kazi zile, zaidi ya arobaini, zilikuwa zimelipiwa kabla.

Mwalimu mkuu aliomba kuiona karatasi ya makabidhiano. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti kama anayetangaza matokeo ya mtihani, na alipofika kwenye mambo yote yanayoihusu akarudia mara mbili ili walio nyuma wasikie. Mnunuzi wa vyuma alizishusha feni zote nne bila kuambiwa, akasema yeye hamjui kabisa huyu bwana, akaondoka na mkokoteni wake mtupu. Askari akaegemea mlango.

Sabuni alimvuta kinyozi pembeni. Akamwambia fundi amerukwa na akili, atafutwe haraka.

Kinyozi akasema hana haja ya kutafutwa. Yuko upande wa pili wa soko, amefungua jana alasiri, kibao kipya kabisa: kazi siku hiyo hiyo. Kila kazi zikimzidi huwa anaanza kuitafuta kweli. Hii ilikuwa karakana yake ya tatu. Ya kwanza aliwaachia ndugu wawili waliomtabiria nyota, na ya pili alimwachia muuza magodoro aliyemfundisha kupumua.

"Na hukuniambia?" Sabuni aliuliza.

"Nilikuuliza kama una uhakika."

"Kile kicheko je? Yale machozi?"

Kinyozi akafikiri. Akasema hilo hata yeye hujiuliza kila mara, kwa sababu fundi hucheka vizuri sana.

Ndipo watu wakapisha njia, dada akaingia. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na uzi mweupe kwenye mkono wa gauni. Habari za mdogo wake mwalimu wa kweli alishazipata zote njiani, kuanzia kwa mshona viatu. Akatazama huku na huku.

"Cherehani yangu iko wapi?"

Mdomo wa Sabuni ulikuwa umezoea kwa siku tatu. Ulifunguka wenyewe kabla hajauzuia.

"Nani anauliza?"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Dada yako," alisema dada.

Hakupaza sauti. Alimtazama tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na Sabuni akarudi nyuma hatua moja. Aibu ilimshika. Si ile ya kukamatwa, hiyo alikuwa ameizoea. Alimwona dada amesimama katikati ya watu waliomcheka mdogo wake, na yeye hacheki, akatamani kulia.

Cherehani ilikuwa kwenye meza ya kazi, imefunuliwa, vumbi limeingia ndani. Dada aliinama akaokota bisibisi iliyobaki sakafuni tangu jana.

"Baba alikufundisha kufungua cherehani kabla hujajua kusoma," akasema. "Kaa."

Ni kweli, baba yao alikuwa fundi cherehani, na Sabuni aliikimbia kazi hiyo kwa sababu haikuwa na njia ya mkato. Akakaa. Mwanzo vidole vilikuwa vizito. Kisha akaona uzi wa zamani ulivyojisokota kwenye mhimili, akauchomoa kwa kibano kipande kwa kipande, akasafisha meno ya chini, akatia mafuta, akakaza mkanda uliolegea. Saa nzima ilipita hivyo. Kwa saa nzima hapakuwa na mtu kichwani mwake anayepanga lolote. Kulikuwa na mikono, chuma na harufu ya mafuta. Alipozungusha gurudumu na sindano ikashuka laini, alishtuka kama aliyeamshwa. Akajiuliza kama hicho ndicho alichokiona fundi bisibisi ilipoanguka, akatamani kwenda kumuuliza. Halafu akamkumbuka vizuri, hasira zikampanda upya.

Dada alipitisha kipande cha kitambaa cheupe. Mshono ukatoka umenyooka. Aliupapasa kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, akakikunja kile kitambaa akakitia kwenye mkoba. Hakumsifu. Lakini alimwambia chakula cha mchana atakileta hapahapa, kwa sababu anaona leo hatatoka mapema.

Mwalimu mkuu akakohoa.

"Na feni yangu, bwana? Lini?"

Sabuni akafungua mdomo. Neno "kesho" lilikuwa tayari limefika menoni, lilelile lililompa fundi jina lake. Dada alikuwa mlangoni, ameshika cherehani kwa mikono miwili, hajaondoka bado.

"Ilete hapa, Mwalimu," Sabuni alisema, akafuta meza.