Maswali Arobaini na Moja ya Pembeni

Bwana Nafuu hakuwa na kodi ya kulipa, hakuwa na namba ya mlipakodi, na hakuwahi kutamani kuwa nayo. Lakini kila Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye ukumbi wa kusubiria wa ofisi ya kodi, tai shingoni, faili kwapani. Ndani ya faili mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita. Watu husema anayeliwa ni mjinga. Nafuu, kwa utafiti wake wa miaka kumi na mmoja ugenini, aligundua kwamba anayeliwa upesi zaidi ni mtu mwenye hofu, na ukumbi uliokuwa na hofu kuliko ule ulikuwa wa daktari wa meno peke yake.

Jumatatu hiyo akamsikia mwanamke kijana akilalamika kwenye simu kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Ukiwa nchi ya watu unadhani lugha ya kwenu ni mlango uliofungwa, hivyo unamwaga kila kitu.

"Dada, nyumbani wananikata kodi kabla hawajanilipa. Huku nao wanataka niiandike pesa ile ile. Kodi mbili kwa jasho moja! Na bila hati ya kutodaiwa, kibali changu hakiongezwi. Nimebakiwa na miezi mitatu na kidogo, mwisho tarehe thelathini. Wakininyima narudi na begi langu, na shule ndiyo basi."

Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Watu wa kwao walijenga, yeye aliwachorea kutoka chumba cha kupanga, ghorofa ya nne, alikoishi na dada yake. Jioni alisomea usanifu majengo na ulikuwa mwaka wa mwisho. Nafuu aliyajua yote hayo kabla simu haijakatwa.

Akasogea, akaacha kiti kimoja katikati kwa adabu. Tapeli asiye na malezi hukaa karibu.

"Pole sana, mdogo wangu. Nimesikia bila kutaka. Nani alikushauri uje hapa?"

"Kwani watu huenda wapi?"

"Kwa daktari, ukiwa mgonjwa. Hapa huja mtu anayetaka kuugua." Akashusha sauti. "Pesa yako haina kosa. Kosa lipo kwenye jina. Ikilipwa kwa jina lako, serikali mbili zinaiona. Ikilipwa kwa jina langu, nani ataiona?"

"Wewe."

"Mimi nani? Mimi si mtu, ni njia tu."

Hapa inafaa tusimame kidogo tumvulie kofia. Mtu hujenga daraja kwa mawe na saruji; huyu alijenga kwa mate, na watu wakapita. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Wateja wa nyumbani walipe kwenye akaunti ya Nafuu iliyokuwa huko huko nyumbani. Yeye akate asilimia kumi ya jasho lake, zilizobaki azivushe kimyakimya kwa mkupuo mmoja, na hati ya kutodaiwa ailete mkononi kabla ya tarehe thelathini. Alichokisahau kukitaja ni tiketi ya ndege ya tarehe ishirini na tisa.

Mchoraji akakubali. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, na baada ya miezi mitatu walikuwa kumi na saba: waliofasiri filamu, waliotengeneza tovuti, waliosoma matangazo ya redio wakiwa wamejifunika blanketi ili mwangwi usisikike. Alikuwamo hata mtunza hesabu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaandalia wengine kodi zao. Kinyozi hajinyoi. Na tusiwaonee huruma kupita kiasi, maana kila mmoja alisema anadai haki yake ya kutolipa mara mbili, na kila mmoja, akiwa peke yake na mto wake, alitumaini kutolipa hata mara moja.

Dada yake mchoraji ndiye pekee aliyekuwa hajaambiwa habari za mpango huo. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya wachapishaji wa nyumbani, na kwa sababu ya kalamu yake nyekundu watu walimwita Bi Wino. Alisahihisha hata maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi. Jambo lilifichuka siku ya kulipa pango, mdogo wake alipotoa nusu tu ya kile alichozoea kutoa.

"Miezi mitatu yote umempa? Risiti iko wapi?"

"Alisema risiti ndiyo inayoacha alama, dada."

"Ulisoma nini kabla hujampa?"

"Hakukuwa na cha kusoma. Ndiyo uzuri wake."

Bi Wino hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mdogo wake akatamani angepiga kelele.

Kesho yake alichukua namba kwenye ofisi ya kodi, akasubiri saa mbili, akamweleza karani. Karani alimjibu bila kuinua macho. Fomu ile, ukurasa wa pili. Aambatishe hati za kodi iliyokatwa nyumbani, na huku itapunguzwa kiasi hicho hicho. Hakuna kulipa mara mbili.

"Na huduma hiyo ni kiasi gani?"

"Bure, mama. Kila siku wananiuliza hivyo, na nusu yao huwa wameshamlipa mtu." Ndipo karani akainua macho. "Ila pesa ziwe zimemfikia mdogo wako mwenyewe. Zikiwa kwa mtu mwingine, itabidi tumtafute huyo mtu kwanza, na kibali kitasubiri."

Kibali kisingeweza kusubiri. Ilikuwa tarehe kumi na tano, na Bi Wino alirudi nyumbani kwa miguu, roho ikimuuma, kwa sababu hakujua jinsi ya kumtoa fisi mfupa mdomoni.

Fisi akaja mwenyewe. Wale kumi na saba walikuwa wameanza kunong'ona kwamba wanataka karatasi, karatasi yoyote. Nafuu alikuwa ametunga mkataba kwa kuokotaokota vipande vya mikataba ya watu, ukawa haueleweki mbele wala nyuma. Mchoraji aliwahi kumtajia kazi ya dada yake. Basi Nafuu akapanda ghorofa nne na pakiti ya biskuti.

"Dada mkubwa, ni mambo ya lugha tu. Weka nukta, toa nukta."

"Na nikikuta maana haipo?"

"Maana nakuachia wewe."

"Kazi yangu ina desturi yake," Bi Wino akasema polepole. "Nikibadilisha kitu, nakuuliza pembeni ya ukurasa. Usipojibu mpaka Ijumaa, nilichoweka ndicho kinabaki."

"Kibaki, dada, kibaki! Mradi kinukie sheria."

Alifanya kazi siku tatu, na aliifanya kwa haki, kama afanyavyo kwa mwandishi yeyote mvivu. Kifungu cha tisa kilisema mpokeaji atakaa na pesa "mpaka mazingira yatakaporuhusu." Akauliza pembeni: *Mazingira gani? Nani anayaamua? Napendekeza: ndani ya siku tatu.* Kifungu cha kumi na moja kilisema asilimia kumi ya mpokeaji "itahifadhiwa panapostahili." Akauliza: *Panastahili wapi? Je, mpokeaji ana namba ya mlipakodi? Kama hana, napendekeza aombewe.* Mwishoni akaandika: *Mkataba hausemi pesa zitatokaje. Je, tuweke agizo kwa benki?* Maswali yalikuwa arobaini na moja.

Nafuu aliufungua kwenye simu Alhamisi akiwa kwa kinyozi. Akaona wekundu mtupu. Huyu alikuwa mtu aliyeishi miaka kumi na mmoja kwa uvivu wa wenzake wa kusoma, na hakuwahi kujiuliza kama yeye mwenyewe anao. Akatafuta, akakiona kitufe kilichoandikwa *Kubali yote*, akakibonyeza. Wekundu wote ukatoweka, na akaona kazi imekamilika.

Utiaji saini ulifanyika Jumamosi kwenye mgahawa, meza tatu zikiwa zimeunganishwa. Mtunza hesabu akavaa miwani ili asome.

"Ndugu yangu," Nafuu akamzuia kwa huzuni, "kusoma ni kutoaminiana."

Mtunza hesabu akavua miwani, akaona haya. Nafuu, ili kuonyesha mfano wa kuaminiana, akatia saini yeye kwanza, kila ukurasa, nakala zote, hadi ule wa mwisho wa agizo kwa benki, ambapo aliandika namba ya akaunti yake kwa mwandiko wa kupendeza. Bi Wino alikunywa chai yake. Jumatatu asubuhi bahasha ilikwenda tawi la huku la benki yake.

Tarehe ishirini na tisa, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, Nafuu alifungua simu ili aliangalie salio lake kwa mara ya mwisho kabla ya kupaa. Salio lilimtosha chupa ya maji, ile ndogo. Ndege iliondoka bila yeye. Saa moja baadaye alikuwa ghorofa ya nne, tai imepinda, pumzi hana.

"Mama wee, umeniibia!"

"Karibu, kaka. Kila mtu amerudishiwa chake. Wewe ulisaini."

"Umenidanganya!"

"Nilikuuliza mara arobaini na moja. Swali la thelathini na nane lilisema: *Je, mwandishi ana uhakika anataka hivi?*"

Nafuu akakaa juu ya kitanda cha mchoraji bila kukaribishwa. "Basi asilimia kumi yangu. Hiyo ni halali yangu, hata kwenye mkataba wako."

"Halali kabisa," Bi Wino akasema, akamkabidhi karatasi yenye mhuri. "Imekwenda ofisi ya kodi, kwa jina lako. Namba yako hiyo hapo juu. Nimekuombea, kama kifungu kinavyosema."

Aliisoma ile namba tarakimu moja moja, zote tisa.

Mchoraji aliwasilisha fomu yake tarehe thelathini, dakika ishirini kabla ya kufungwa, na kibali akakipata. Alilia hapo hapo kaunta, karani akampa kitambaa cha karatasi na kumwita anayefuata. Wale wengine walilipa wakinung'unika. Mtunza hesabu mpaka leo hamsalimii Bi Wino. Anasema alimwendea mtu kutafuta nafuu, na mwanamke huyo akamletea sheria.

Nafuu amehama mara tatu. Kila Januari barua humfikia, imeandikwa *Mpendwa Mlipakodi*, na ndani huulizwa alichochuma mwaka mzima na alikochumia. Ukienda ukumbini Jumatatu utamkuta kiti kile kile, ila siku hizi ana namba ya foleni mkononi, na ndani ya faili mna fomu. Anaisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, na akifika mwisho huanza upya.